Sabuni Iliyoitwa Ramazani

Kinyaa kilinishika kwenye matanga ya Papa Ramazani, na mpaka leo hakijaniachia. Tulikaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi, chini ya turubai la plastiki, tukinywa maji ya vifuko vya plastiki, na mbele yetu msichana mmoja alikuwa anaosha sahani kwa unga wa sabuni wa pakiti, wenye maandishi ambayo hakuna mtu wa mtaa ule anayeweza kuyasoma. Marehemu alikuwa mpishi wa sabuni. Mji mzima ulifua kwa kazi ya mikono yake, na siku ya kumzika hapakuwa na kipande hata kimoja kilichopikwa hapa Kisangani. Hilo ningelimeza, nimemeza makubwa zaidi. Lakini nyuma yangu walikaa wanaume wawili wa makamo, na mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini marehemu alikuwa nani hasa. "Si ule muzee wa sabuni," akajibiwa. "Ule alichomaka bamama mikono, wakati ya Zaïre." "Aah, njo yeye?" "Njo yeye. Ulimi yake ilikufaka, akakataa kuacha kazi." Wakacheka kidogo, kicheko cha matanga, kile cha kufunikwa na kiganja. Na mimi, mwanamke wa umri huu, mwenye karakana yangu na wafanyakazi wangu, niliyezoea kumwambia hata bourgmestre, mkuu wa wilaya yetu, usoni kwamba anadanganya, nikanyamaza. Nilijua wanaume wale wanasema uongo. Nilijua tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu aliyewachoma wale akina mama mikono ni mimi.

Mambo ya kwetu nyumbani nayaacha, hayana faida hapa. Inatosha kwamba nilisoma miaka mitatu, nikatoka, nikapata kazi kwenye kiwanda cha sabuni karibu na mto Tshopo. Ukisema kiwanda watu wanafikiri mashine. Pale palikuwa na banda la matofali lenye bati lililotoboka, na katikati chungu cha chuma ambacho wanaume wawili wangeweza kuogea ndani bila kugusana. Tulikiita Mama Mukubwa. Chini yake kuni, juu yake moshi mzito wa mawese, na moshi ule uliingia kwenye nywele, kwenye kwanga ya muhogo uliyofungiwa na mama yako asubuhi, hata kwenye shuka. Wanaume walibeba mapipa na kukoroga. Sisi wanawake tulikata sabuni kwa waya, tukaipiga muhuri, tukaipanga kwenye chanja ikauke wiki mbili. Wiki mbili, si chini. Mafuta yalitoka Opala kwa mtumbwi mkubwa wa mota, mekundu, mazito, yenye harufu ya kijiji, na wakulima wenyewe walikuja nayo. Walilala kwetu juu ya magunia, wakatusimulia nani ameoa na nani amefukuzwa, wakarudi kwao na chumvi na sabuni. Sisi tulikula kwa sababu yao na wao walikula kwa sababu yetu. Neno uchumi sikulijua wakati ule. Baadaye nimelisikia kwa watu wa semina, na sijaona kwamba wanajua zaidi ya nilichokiona pale.

Papa Ramazani ndiye alikuwa mpishi. Mrefu, mkavu, mwenye kofia nyeupe iliyogeuka njano kwa mvuke, mtoto wa zile familia za Kiislamu za zamani za mji huu. Katika banda zima hapakuwa na kipimo chochote isipokuwa ulimi wake. Soda kali, ile inayotoboa nguo, ilimiminwa kwenye mafuta ya moto, watu wakakoroga masaa, na yeye akachota kidogo kwenye kijiti, akapuliza mpaka ikapoa, akagusa kwa ncha ya ulimi. Ikiuma kama betri ya tochi, haijaiva, soda ingali mbichi ndani. Ikiwa laini kama mchuzi, mafuta yamezidi. Ikinyamaza, imeiva. "Inyamaze," ndivyo alivyosema. Siku ya chungu hakula pilipili, hakula ndimu, hakutafuna kola, hakuweka sukari kwenye chai. Alileta lituma, ndizi za kupondwa, baridi kwenye jani, bila chumvi, akala peke yake ukutani. Mado, mwenzangu wa waya, hakumwacha apumue. "Papa Ramazani, bamama bote ya Kisangani banakusugua mwilini kila asubuhi, na bibi yako anaangalia tu?" Kwa maana mji wote uliita sabuni ile kwa jina lake, mtu alikwenda sokoni akasema nipe Ramazani mbili. Mzee akajibu bila kugeuka: "Bibi yangu njo wa kwanza kulalamika. Bengine banalipa, yeye ananisugua bure." Tukacheka mpaka waya zikatukata vidole.

Alinichagua mimi nijifunze. Sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nasema nilichokiona. "Feza, weye iko na ulimi ya kweli," aliniambia, "lakini kichwa yako iko mbele ya ulimi." Alisema kujifunza kunataka misimu miwili ya mvua, maana mafuta ya mvua yana maji na mafuta ya kiangazi yana hasira. Baada ya msimu mmoja nilijiona nimemaliza. Nilikuwa nagusa kijiti baada yake, nasema imeiva au bado, na sikukosea. Sikujua kwamba nilikuwa nasoma uso wake kabla ya kugusa.

Mwaka ule ndio serikali ilifungua mipaka. Radio ilisema sasa kila mtu ana ruhusa ya kuingiza anachotaka, bei itashuka, viwanda vyetu vitaamka kwa ushindani. Patron wetu, mwenye kiwanda, bwana mnene aliyevaa abacost, ile suti ya Zaïre isiyo na tai, hata kwenye joto la chungu, alitusomea habari hiyo kwenye gazeti akiwa amesimama juu ya pipa, na tukapiga makofi. Nayakumbuka makofi yale na mikono yangu inataka kujificha. Baada ya mvua za kwanza malori yakaanza kuingia kutoka njia ya Bafwasende, yamejaa tope mpaka kwenye vioo, na ndani yake sabuni. Nyeupe, ndogo, kila moja imevishwa karatasi yenye picha ya mwanamke anayecheka. Ilinukia maua. Na bei yake ilikuwa chini ya yetu. Siku moja nilikuwa nafagia nyuma ya ofisi nikawasikia Patron na Papa Ramazani wakizungumza, mlango wazi, Patron anakula makayabu, samaki wa chumvi, mzee amesimama. "Soda yangu, nikiingiza, wananikata ushuru," Patron alisema mdomo umejaa. "Sabuni yao, imeiva, imefungwa, inapita kama mgeni wa harusi. Sasa unieleze, Ramazani, weye muzee." Mzee akasema: "Hapo mimi sina la kueleza, Patron. Kama unga analipa na mukate halipi, ni nani atapika mukate?" Patron akaacha kutafuna. Kisha akasema lile neno ambalo nimelisikia toka kwa kila mkubwa wa nchi hii tangu siku ile: "Bon, tutajipanga."

Nisimlaumu Patron peke yake, maana sisi wenyewe tulikuwa wachafu. Kila Jumamosi tulipewa mche mmoja wa sabuni kila mtu, ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba. Mwaka ule nilitoka na mche wangu getini, nikaenda nao moja kwa moja sokoni, nikaubadilisha na kile kipande cheupe chenye karatasi. Mado alifanya hivyo hivyo. Banda zima lilifanya hivyo. Tulikuwa tunapika sabuni siku sita na siku ya saba tunaoga kwa sabuni ya watu wengine ili tunukie maua kanisani, halafu Jumatatu tunauliza kwa nini chanja zimejaa na hakuna anayenunua. Leo nikisikia vijana wa Kisangani wanawatukana Wachina huku wameshika simu, kandambili na vijiti vya meno vya Wachina, nawaambia funga mdomo, mimi nilianza kabla yenu.

Kujipanga kwa Patron kulikuwa huku: alileta mafuta kutoka nje. Mawese! Kwenye nchi ambayo mchikichi unaota hata mahali ulipotemea kokwa. Yalikuja kwenye madumu ya njano, meupe, mepesi kama maji, yamesafishwa mpaka hayana harufu ya kitu chochote, na aliyafikisha kwetu kwa bei ambayo watu wa Opala wasingeweza hata kulipia mafuta ya mota. Walipofika na mapipa yao mwezi ule, Patron aliwaambia hapana. Walikaa bandarini siku nne. Mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni, alikuja mpaka kwenye geti letu akaniuliza mimi, kwa kuwa alinijua: "Feza, tumekosea nini?" Nikamwambia sijui. Walirudi na mapipa yao yamejaa. Hawakuja tena, na baadaye nilisikia kule wameyaacha mashamba yamezwe na msitu.

Papa Ramazani alifungua dumu moja, akachovya kidole, akagusa ulimi, akatema. "Hii mafuta mimi simjui," alisema. "Mafuta yetu inapokea soda haraka kwa sababu iko na uchungu yake. Hii iko kimya toka mwanzo. Itanidanganya. Nipe chungu ndogo nijifunze mwezi moja." Patron akasema hana mwezi, malori hayasubiri mwezi. "Basi mimi sipiki." Aliuweka upawa wake, ule wa mpishi peke yake, juu ya ukingo wa Mama Mukubwa, taratibu, akafunga kofia yake kwenye kitambaa na kutoka. Watu thelathini tulisimama tunaangalia upawa. Patron akageuka: "Ni nani anajua?" Na mdomo wangu, kabla sijauambia, ukasema: "Miye najua, Patron." Mado alinifinya kiunoni. Nikamwondoa mkono.

Siku ile ya kupika mwenye madumu, yule aliyemuuzia Patron mafuta, alikuja mwenyewe kuangalia, kijana mwenye miwani ya jua, na alikuwa mkarimu. Aligawa sardini za kopo na pipi. Pipi za mnanaa, nyeupe, za kwanza kuona maishani mwangu, zile zinazokufanya ukivuta hewa uhisi umemeza upepo. Nilijua sheria. Nilikuwa nimeishika msimu mzima, nimekula lituma bila chumvi kama mgonjwa. Lakini sasa nilikuwa mpishi, na mpishi hakuna wa kumkataza. Nikala pipi ya kwanza wakati soda inamiminwa, ya pili wakati wanakoroga, na zingine sikuhesabu. Alasiri Patron akaanza kuangalia saa. Nikachota kwenye kijiti, nikapuliza kama nilivyomwona mzee anapuliza, nikagusa. Kimya. Nikagusa tena. Kimya kabisa, baridi nzuri ya mnanaa. "Imeiva," nikasema kwa sauti kubwa, na wakapiga makofi tena. Ilikuwa sabuni nzuri kuliko zote tulizowahi kumimina, nyeupe kama ya kwenye lori. Patron aliilamba kwa macho. Hakutaka kusikia habari ya wiki mbili za chanja. Siku ya nne ilikuwa sokoni, na muhuri wetu juu yake, na wauzaji wanapaza sauti: Ramazani mupya, Ramazani mweupe!

Walikuja Jumatatu. Kwanza tulisikia vyombo, maana walikuwa wanapiga mabeseni. Akina mama wa soko na wafuaji wa mtoni, wamejaa barabara, wameinua mikono juu tuione. Viganja vilikuwa vimechunika mpaka nyama nyekundu. Mmoja alikuwa amefunga vidole kwa kitambaa cha kichwa na kitambaa kimelowa. Walitupa vipande vya sabuni kwenye bati letu, kou, kou, kama mvua ya mawe. "Ramazani atoke! Iko wapi Ramazani! Alitupikia sumu!" Patron akasimama mlangoni kwenye abacost yake, akainua mkono, na mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, upawa mkononi. Akasema: "Bamama, pole. Muzee amezeeka. Ulimi yake imekufa. Nimeshamufukuza." Aliongea kama mtu anayesoma bei. Na nyuma ya umati, upande wa pili wa barabara, nilimwona Papa Ramazani amesimama. Kelele zilikuwa zimemleta. Mama mmoja alimtambua, akamgeukia, akamtemea mate kifuani. Mzee hakufuta. Aliangalia juu ya vichwa vyao vyote, mpaka kwenye upawa, kisha usoni kwangu. Alinipa muda. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: alisimama pale akanipa muda, muda wa kutosha kabisa kusema maneno mawili. Kisha akageuka akaenda zake.

Kiwanda hakikufika Krismasi. Sabuni yetu ya zamani iliyobaki, ile ya kweli, hakuna aliyeigusa. Patron alimkata Mama Mukubwa vipande, akauza chuma, akapanga banda lote masanduku ya ile sabuni ya karatasi, na watu ishirini na wanane wakaenda nyumbani. Wawili tulibaki kuuza, mmoja wao mimi. Nilivaa kitenge kipya. Huko ndiko viwanda vilikoamkia: kwenye stoo. Na msidhani nitasema sabuni ya nje ilikuwa mbaya. Siku moja Papa Ramazani aliingia, amekonda, akaomba kipande kimoja. Nilitaka kumpa bure. "Mimi sipewake sabuni," akasema, akaweka pesa. Alifungua karatasi pale pale, akailamba mbele ya wateja. "Imeiva," akasema. "Bale batu banajua kazi." Nikamuuliza, kwa ujinga tu, kama amepata kazi. "Nilikwenda kwa kiwanda ya Mugriki, nikaenda kwa bale wa Bengamisa. Bote banasema, aah, njo weye wa ulimi." Akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo nisingemtakia adui. Nilikuwa na nafasi ya pili, uso kwa uso, meza tu katikati yetu. Nikamrudishia chenji.

Nilitoka kwenye stoo ile baada ya mwaka mmoja, nikaanza kupika mwenyewe kwenye ndoo, uani kwangu mtaa wa Mangobo, kwa mafuta mekundu. Miaka arobaini sasa. Nimejenga, nimesomesha, nimewazika wengi walionicheka. Wageni wa miradi wanakuja na kamera kumpiga picha Mama Feza anayepambana na sabuni za nje. Nawaambia ukweli nusu: kwamba mpaka uliofunguliwa kwa mtu ambaye soda yake inatozwa na sabuni ya mwenzake haitozwi, hapo hakuna ushindani, hapo kuna kuchinjwa. Hiyo ni kweli na nitairudia mpaka kaburini. Lakini malori hayakunitia pipi mdomoni kwa nguvu, na serikali haikunifunga ulimi pale mlangoni. Kila mara niliposema "nchi ilituua" nilikuwa nimejificha nyuma ya nchi, na ni maficho makubwa, tunatosha wengi humo.

Siku ya arobaini nilikwenda nyumbani kwa marehemu kabla hawajaanza kusoma dua. Binti yake Zaina, naye sasa ni bibi, alikuwa anapanga vikombe. Aliacha shule mwaka ule ule, akauza mikate barabarani kwa sababu baba yake hakupata kazi tena. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema. "Zaina, ile sabuni iliyochoma, papa yako hakuipika. Alishakataa, alishatoka. Nilipika mimi." Alimaliza kupanga safu ya vikombe. "Mimi nilijua," akasema. "Papa alituambiaka, na alitukataza kusema. Alisema weye mwenyewe utakuja." Kisha akafuta mikono kwenye kanga yake, akaniita Ya, yaani dada mkubwa. "Amekungojea miaka yote ile, Ya Feza. Sasa weye unakuja kunielezea mimi? Mimi sina shida ya kuelezwa."

Akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akanitoa nje mpaka chini ya turubai, ambako watu walikuwa wameanza kukaa kwenye mikeka: majirani, wajukuu, wazee wa msikiti, na wale wanaume wawili wa makamo. Akapiga kofi moja wanyamaze. "Huyu mama iko na neno juu ya Papa. Sema, Ya Feza." Nikasema. Sauti yangu, hii inayosikika mpaka barabarani ninapogombana na watoza kodi, ilitoka ndogo. Mbele kabisa alikaa bibi kizee mmoja, mfuaji wa zamani wa mtoni, ameshika sikio. "Anasema nini?" akamuuliza mjukuu wake.

"Rudia, Ya Feza," Zaina akasema. "Hajasikia."

Nikarudia.